Sentimita Nne za Madam Zofia

Hapa Doha Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Ofisi zimefungwa, waajiri wengi wanalala mpaka saa nne, na sisi tulio na ruhusa tunakwenda Mesaimeer, kule makanisa yote yalikowekwa ndani ya ukuta mmoja. Unapita kwa askari, mkoba unafunguliwa, kisha kila kundi linatafuta misa ya lugha yake. Misa ya Kiingereza ya asubuhi ndiyo niliyoihudhuria kwa miaka tisa na mwajiri wangu, Madam Zofia Brzoza, Mpolandi. Na kwa miaka hiyo tisa, watu walipoinuka benchi kwa benchi kwenda kupokea Ekaristi, yeye alibaki ameketi.

Si mtu ambaye angeweza kujificha. Alikuwa mrefu kuliko mapadri wote wawili, mabega yanajaza mlango. Wanawake wa Kifilipino wa benchi letu, wadogo wadogo, walilazimika kupanda juu ya magoti yake, samahani mama, samahani mama, naye anayavuta magoti pembeni bila kumtazama mtu. Nilidhani ni mambo ya ndoa. Mume wake alimwacha zamani, nami najua wengi wanaokaa nyuma kwa sababu ya ndoa. Sikuuliza. Mtu na Mungu wake.

Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya watoto wa wageni, na alikaa peke yake katika nyumba ndogo iliyokatwa kutoka jumba kubwa. Jikoni kwake palikuwa na mtungi wa udongo wa kuchachishia kabichi, chakula cha kwao. Wiki yangu ya kwanza nilitaka kuuosha ule mtungi, nikashika jiwe lililokandamiza kabichi ndani, nikasema Yesu wangu! Halikuwa jiwe. Lilikuwa chuma, mviringo kama chungwa kubwa. Madam alikuja akacheka mpaka akashika meza. Akalitoa, akalifuta kwa aproni, akaliweka chini ya taya, kiwiko juu, macho ameyafumba.

"Kilo nne," akasema. "Hili ndilo lililonilisha, Jerusha. Sasa linalisha kabichi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nafanya kazi kwa bingwa wa kurusha tufe wa Polandi nzima, mwaka wa themanini na nne.

Maisha yake alinisimulia kidogo kidogo, huku tunakata kabichi. Alizaliwa katika mji wa makaa ya mawe. Baba alishuka shimoni kila siku hadi siku ambayo hakupanda. Zofia alikuwa na miaka kumi. Mama akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na mtoto akawa mbebaji wa vikapu vya nguo mbichi. Nguo mbichi ni nzito, kila mwanamke anajua. Alipofika miaka kumi na mitano kulikuwa na kikapu ambacho wanaume wawili walikishika huku na huku, na yeye alikirusha peke yake juu ya lori. Mwalimu wa shule alipita njia akamwona akifanya hivyo. Jumatatu yake akaitwa klabuni, akapewa viatu, kitanda, na nyama mara mbili kwa siku. Nyama alikuwa akiificha mfukoni ampelekee mama.

Chumba alichangia na msichana aliyeitwa Jadwiga, naye mrushaji. Walikuwa kama ndugu. Walisukana nywele, wakapakana dawa ya maumivu mabegani, wakaandikiana barua za nyumbani. Na siku ya mashindano makubwa walimaliza wa kwanza na wa pili. Jadwiga aliongoza mpaka mrusho wa mwisho. Zofia akampita kwa sentimita nne. Alikuwa akinionyesha kwa vidole, upana wa kijiko cha mezani.

Wa kwanza alipewa nyumba. Ndivyo ilivyokuwa kwao siku zile. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, maji ya moto yanatoka ukutani. Mama yake akaacha kufua mashuka ya watu. Ile Olimpiki ya mwaka ule nchi yao haikwenda, ugomvi wa wakubwa, na baada ya miaka mitano goti likaharibika, halafu bega, halafu ndoa. Shule aliyosoma wakaupa ukumbi wao wa michezo jina lake. Alikuja Doha kufundisha watoto kuruka kamba, akazeekea hapa.

Jioni tulisali rozari pamoja, yeye kwa lugha yake na mimi kwa Kiswahili, na kila mara nilimaliza kabla yake.

"Jerusha, wewe unasali kama mtu anayekimbilia basi."

"Na wewe Madam unasali kama mtu anayelisukuma."

Mwaka jana, Januari, alianza kushika ubavu wa kulia. Mwanzo alisema ni kabichi. Kisha macho yakawa ya njano. Nikamsindikiza hospitali, nikakaa nyuma yake nimeshika mkoba wake. Daktari alikuwa Harun, Msudani, mpole, anauliza polepole huku anaandika. Kuna uvimbe kwenye ini, akasema, nao una umbo ambalo hajalizoea. Unakunywa pombe? Hapana. Umewahi kuugua manjano? Hapana. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, umeandika hapa kwamba ulikuwa mwanamichezo. Uliwahi kupewa dawa za kuongeza misuli? Homoni? Hata zamani sana?"

"Kamwe," Madam akasema.

Nilikuwa nyuma yake. Niliona shingo yote ikiwa nyekundu, kutoka kwenye kola mpaka masikioni.

Basi wakaanza kutafuta kwingine. Damu, picha, damu tena, vipimo vya magonjwa ya nchi za joto. Februari ikaisha. Siku moja tunakata kabichi nikashindwa kuvumilia.

"Madam, Daktari anatafuta kitu ambacho hajaambiwa?"

"Kata kabichi."

"Nakata. Lakini kwetu kuna msemo, mficha uchi hazai." Nami kwa ujinga wangu nikautafsiri wote kwa Kiingereza, neno kwa neno, maana nilitaka aelewe kwamba mgonjwa hujificha kwa kila mtu isipokuwa kwa mganga. Nilipofika neno la mwisho ndipo nilipokumbuka naongea na nani. Mwanamke asiye na mtoto.

Aliweka kisu chini.

"Rudia."

"Nisamehe, Madam. Ni maneno ya wazee tu."

"Rudia, nimesema. Anayeficha uchi wake hafanyi nini?"

"Hazai," nikasema.

"Wazee wenu walinijua wapi?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alivuta kiti, akaketi, na yote yakatoka.

Klabuni, kila baada ya chakula cha mchana, kocha alipita na sinia ya mbao. Juu yake bahasha ndogo ndogo, kila msichana na yake. Vitamini, wakaambiwa. Zofia alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia yao. Alipofika miaka kumi na tisa sauti ikaanza kukatika. Mwalimu wa kwaya akamshusha sauti ya pili. Krismasi ya mwaka uliofuata akamwambia kwa upole, mwanangu, nenda ukasimame nyuma, pamoja na wanaume.

"Siku ile nikaenda kwa kocha. Nikamuuliza, ni nini unachotupa? Hakunificha. Alisema, ukitaka kuimba rudisha bahasha, uende ukaimbe. Ukitaka kurusha, meza. Nikaimeza mbele yake, Jerusha. Mpaka siku ile nilikuwa mtoto aliyedanganywa. Baada ya siku ile, hapana."

"Ulikuwa bado mdogo, Madam."

"Usinipunguzie. Mimba tatu, zote zikatoka. Ya tatu ilifika miezi mitano, msichana. Daktari wa wakati ule aliniuliza swali hili hili la Harun, nami nikampa jibu hili hili."

Nikalia mimi. Yeye hakulia.

"Na Jadwiga?" nikauliza. "Naye alimeza?"

"Jadwiga alizimwaga chooni. Kila siku. Kitanda changu kilikuwa karibu na mlango, nilisikia maji. Nikamwita mjinga." Akainua vidole viwili, upana ule ule wa kijiko. "Sentimita hizi zilikuwa zake. Na nyumba ilikuwa yake. Sasa niambie wewe unayejua misemo. Ukiiba ng'ombe, ukawa unamkamua kila asubuhi, utaenda kupanga mstari mbele ya padri na maziwa yake yamo tumboni?"

Hapo nikaelewa zile Ijumaa zote.

Nilimwambia akaungame. Sikumwambia mara moja, nilimwambia kila siku, mpaka akaniita karani wa Mungu. Lakini maumivu yalikuwa yanamsaidia kunisikia. Ijumaa ya tatu ya Kwaresima alipanga foleni kwa Padri Philipo, mtu wa Moshi, ambaye hana haraka na mtu. Aliingia. Nikahesabu makumi mawili ya rozari. Akatoka, mkono unasukuma mlango kama anayetoka kwenye moshi, akanipita. Kwenye teksi ndipo aliponiambia.

"Anataka nimwambie Jadwiga mwenyewe. Nikasema, Padri, nipe rozari hata mia. Akasema rozari hailipi nyumba ya mtu."

"Ukasema nini?"

"Nikainuka."

"Kabla ya ondoleo la dhambi?"

"Kabla."

Dereva alikuwa Mganda, redio yake inasoma habari za mechi. Madam aliangalia maghorofa marefu ya West Bay mpaka yakaisha.

"Sina mtoto," akasema. "Sina mume. Mama yangu alizikwa akijua kwamba binti yake ni bingwa. Nina sentimita nne tu duniani, Jerusha. Nikizitoa, atakayekufa ni nani?"

"Ni Zofia," nikasema. "Mungu alimjua Zofia kabla ya tufe."

"Wewe una majibu ya bei rahisi."

Inawezekana. Siku saba nzima hakunisemesha ila mambo ya chakula, na chakula chenyewe hakikukaa tumboni. Rozari alisali peke yake chumbani, mlango umefungwa.

Siku ya nane, Jumamosi asubuhi, alitoka akiwa amevaa nguo za kutokea. Alikuwa amemwomba mpwa wake kule Polandi namba ya Jadwiga, bila kumwambia ya nini. Akaweka simu juu ya meza ya jikoni, akafungua sauti.

"Kaa hapa," akasema. "Hutaelewa kitu. Kaa tu."

Kweli sikuelewa. Nilisikia majina yao mawili. Nilisikia Madam akisema maneno mengi kwa mpango, kama mtu aliyeyakariri, mikono yote miwili imelala juu ya meza. Kisha sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, isiyo na haraka. Ilicheka mara moja. Ilisema kwa dakika tatu au nne, ikakata.

"Anasema nini, Madam?"

"Anasema alijua."

"Alijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Wote walijua." Alikuwa akikwangua meza kwa ukucha. "Yeye na mama yake walibaki katika chumba cha chini ya ardhi, ukuta unatoa maji. Mama yake alikufa kwa kifua baada ya baridi mbili. Anasema, Zofia, unataka kufa ukiwa msafi, na bado unataka mimi ndiye nikufulie."

"Msamaha hataki hata kuuzungumzia. Anataka iandikwe. Kwenye gazeti la mji wetu, jina langu na jina lake, na nyumba. Tena kabla sijafa. Anasema wafu husamehewa bure."

Barua ilimchukua siku tatu, na mwisho wake ilikuwa mistari minne. Alinisomea kwa Kiingereza. Mimi Zofia Brzoza, mwaka wa themanini na nne, nilishinda kwa dawa ambazo nilijua ni dawa. Jadwiga hakumeza. Ushindi ulikuwa wake, na nyumba niliyopewa ilikuwa yake. Hakuna aliyenishurutisha.

"Mtaje na kocha basi," nikamwambia. "Yeye ndiye mwenye sinia."

"Kocha ameshafika mbele ya anayemuuliza. Hii ni barua yangu."

Gazeti likaichapa Jumatano kabla ya Jumapili ya Matawi, na picha yake ya ujana juu. Mpwa wake alipiga simu jioni ile ile, na huyo sikuhitaji kutafsiriwa, maana kupiga kelele ni lugha moja. Baadaye Madam aliniambia kwamba alimshtaki kumzika mara ya pili bibi yake, mama wa Madam. Wiki haikuisha shule ikang'oa kibao cha ukumbi. Mtu asiyejulikana akamtumia picha, kibao kiko chini kimeegemezwa karibu na mapipa ya taka. Aliitazama, akaniuliza kama nimeanika nguo.

Padri Philipo alimpokea tena Jumatano ya Wiki Takatifu. Safari hii alikaa mpaka mwisho.

Kwa Daktari Harun tulikwenda kesho yake. Alimwambia yote, hata jina la kile kidonge. Daktari alivua miwani, akakaa ameishika.

"Mama," akasema, "ungeniambia Januari, ningejua Januari pa kutazama." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Akaandika tarehe ya upasuaji.

Ijumaa baada ya Pasaka, benchi letu lilipoinuka, wale Wafilipino walijikunyata tayari kuyapanda magoti yake. Yeye akasimama. Walichanganyikiwa, wakarudi nyuma, hakuna aliyejua nani apite kwanza, mpaka mmoja akamshika kiwiko akamsogeza mbele kwa adabu kama bibi yake. Alikwenda akishika benchi moja hadi nyingine. Mimi nilikuwa nyuma, nimenyoosha mikono kama nitaweza kumdaka mtu yule! Alipokea. Akarudi, akaketi, akafumba macho muda mrefu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Nilikuwa nimesahau kwamba ni kavu."

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo.

Walimpasua Mei. Walifungua, wakatazama, wakafunga. Aliishi wiki kumi na moja baada ya hapo, na sitasema uongo kwamba zilikuwa wiki za amani. Mwili uliokuwa unajaza mlango ukawa mifupa mirefu chini ya shuka. Dawa za maumivu zilifanya kazi saa mbili kati ya nne. Katika zile saa mbili nyingine aliuma taulo. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamsomea zaburi kwa Kiswahili kwa kuwa hakujali tena lugha. Padri Philipo alimletea Ekaristi kila Ijumaa mpaka koo likafunga, halafu akawa anakuja tu kukaa.

Kuna siku nilimuuliza kama anajuta kuandika ile barua.

"Ninalala vizuri zaidi," akasema. "Yaani ningelala, kama ningelala."

Na kila asubuhi, kabla hajaomba hata maji, swali lilikuwa moja.

"Jadwiga ameandika?"

"Bado, Madam."

"Labda hana mtu wa kumsaidia na simu."

"Labda, Madam."

Alikufa Agosti, saa sita mchana, adhana ya Adhuhuri ikisomwa msikiti wa jirani. Nilimfumba macho mimi.

Mpwa, pamoja na hasira zake zote, alikubali kuja kuuchukua mwili. Aliniomba nibaki nyumbani, nifungashe vitu, na nipokee simu ya shangazi yake mpaka atakapofika. Siku ya pili, nimekaa sakafuni katikati ya maboksi, simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa Kipolandi. Nikaupitisha kwenye ile programu ya kutafsiri, kama Madam alivyonifundisha. Ulitoka kwa Jadwiga. Alikuwa amesikia kwa watu.

Swali lake lilikuwa fupi: Je, aliumia?

Sikujua yule mama anataka nini. Pengine alitaka nimwambie hapana, apumzike. Pengine alitaka nimwambie ndiyo, naye apumzike. Yote mawili yanawezekana katika moyo mmoja, nami simhukumu, mama yake alikufa kwa ukuta unaotoa maji. Nikafikiri pia kuandika kitu cha katikati, cha upole, kama watu wanavyoandika kwenye misiba. Lakini Madam alikuwa amelipa ghali sana ili uongo uishe kati yao wawili. Haikuwa kazi yangu kuuanzisha tena.

Nikaandika kwa programu ile ile: Ndiyo. Aliumia sana, wiki kumi na moja. Kila asubuhi aliuliza kama umeandika.

Nikabonyeza. Alama mbili zikageuka buluu, maana yake amesoma. Nikangoja. Nikakunja makoti yake mawili ya baridi, ambayo hapa hakuwahi kuyahitaji, nikaangalia simu tena. Hakukuwa na kitu. Mpwa alipogonga mlango saa kumi alinikuta bado nangoja, nikainuka nikamfungulia.